Uzi: Nimebadilisha kitako cha Remington 700, sasa bolti inakaza na matundu ya risasi kwenye shabaha yametawanyika. Tatizo liko wapi?

#1 mpingo_77
Wakuu, salamu. Naingia moja kwa moja.

Bunduki ni Remington 700 ya .308 (aina ya risasi), risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti) fupi, mtutu mwembamba wa kuwindia, chuma cha chini (kinachofunika magazini kwa chini) chenye kifuniko cha bawaba. Kitako cha plastiki cha kiwandani kimetoka, kimeingia cha mbao za tabaka kilichochongwa tayari kwa modeli hii, chenye nguzo mbili za alumini kwenye matundu ya skrubu. Skrubu ni zile zile zilizokuja na bunduki. Toki (nguvu ya kukaza) Nm 7.3 mbele na nyuma.

Dalili ni hizi. Skrubu ya mbele ikifika mwisho, bolti (chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) inakuwa nzito. Ikilegezwa nusu zunguko, inalainika. Mita 100, kwa risasi zile zile, kundi (upana wa matundu kwenye shabaha) lilikuwa sentimita 3, sasa ni 7, na linatawanyika kwenda juu: mbili za kwanza zinakaa pamoja, ya tatu na zinazofuata zinapanda. Karatasi inapita chini ya mtutu kutoka ncha ya kitako hadi karibu na risiva, kwa hiyo mtutu unaelea, yaani haugusi kitako.

Ninavyoona mimi, kitako kimechongwa vibaya na dawa yake ni kukirudisha. Mnasemaje?

#2 Kimya_Kimya
Kwanza bunduki iwe tupu: bolti nje, magazini wazi, chemba (tundu la mtutu risasi inapokaa) iangaliwe kwa macho kisha kwa kidole. Majaribio yote ya kufunga bolti yafanyike bila risasi au kwa risasi za bandia.

Pili, bolti inakuwa nzito wakati gani hasa? Ukiisukuma mbele, au ukigeuza mkono wake chini?

#3 fundi_chuma
Swali la #2 ndilo lenyewe. Bolti ya 700 ina meno mawili. Inaposukumwa mbele, meno yanapita kwenye njia za pembeni, kushoto na kulia. Ukigeuza mkono chini, yanazunguka robo duara: moja linakwenda juu, jingine chini. Sasa tundu la skrubu ya mbele limetobolewa kutokea chini mpaka ndani ya risiva, pale pale jino la chini linapokuja kukaa. Skrubu ikizidi urefu hata kwa unene wa kucha, jino linaisugua.

Kwa hiyo: uzito unapogeuza mkono, mtuhumiwa ni skrubu ya mbele. Uzito unaposukuma na kuvuta, ama skrubu ya nyuma inagusa mwili wa bolti, ama risiva inapindishwa kwa kukazwa juu ya kitu kisicho sawa.

Uthibitisho ni rahisi. Paka ncha ya skrubu wino wa kalamu nene, kaza kwa toki yako, funga na kufungua bolti mara kadhaa, kisha itoe skrubu uitazame. Wino ukiwa umefutika na chuma kinang'aa, umepata jibu.

Skrubu za kiwandani zilipimwa kwa kitako cha kiwandani. Kitako kipya kikiwa na mbao nyembamba kidogo kati ya chuma cha chini na risiva, skrubu ile ile inatokeza ndani. Hilo halimaanishi kitako ni kibovu, usikirudishe bado.

Kufupisha: uzi wake ni 1/4-28 (robo inchi, nyuzi 28 kwa inchi), yaani kila zunguko ni kama mm 0.9. Pitisha kwanza nati ya uzi huo huo kwenye skrubu, ndipo uikate kwa tupa kidogo kidogo, mwisho uzungushe nati itoke. Inapotoka inanyoosha uzi ulioumia kwenye ncha. Lengo ni skrubu iishe takribani nusu zunguko kabla ya kufika ukuta wa ndani. Usikate zaidi ya hapo, maana ukuta wa risiva pale chini si mnene na unahitaji kila uzi unaoshika.

#4 Bi_Patasi
Nakubaliana na fundi_chuma kwa nusu. Kabla ya kukata chuma, angalia sanduku la magazini. Kwenye 700 yenye kifuniko cha bawaba, sanduku ni bati tupu lililokaa kati ya risiva na chuma cha chini. Linatakiwa licheze: skrubu zikiwa zimekazwa, ukilisukuma kwa kidole kupitia dirisha la juu, lisogee juu na chini kama nusu milimita. Likiwa kimya, limebanwa.

Sanduku likibanwa, bisibisi ya toki inakudanganya. Inakuambia Nm 7.3, lakini nguvu hiyo inaishia kwenye bati la sanduku, haifiki kwenye nguzo. Risiva inakuwa imekalia bati katikati, huku ncha zake mbili zinavutwa chini. Hapo bolti inakuwa nzito na kundi linapanuka, dalili zote mbili kwa sababu moja. Dawa ni tupa kwenye ukingo wa sanduku, sawasawa pande zote, ukipima mara kwa mara. Ukizidisha, sanduku litacheza mno na risasi zitaanza kukwama zinapopanda.

#5 Tupa_na_Msasa
Kipimo cha karatasi kwenye #1 hakitoshi. Karatasi ni sehemu ya kumi ya milimita. Bunduki ikiwa imelala mezani, karatasi inapita. Ukiiweka juu ya mfuko wa mchanga na kuegemea, au ukiifungia mbele miguu miwili ya kuegemezea, kitako kinapinda na kugusa mtutu. Kisha mtutu ukipata moto, mbao nazo zikinywa unyevu, nafasi hiyo inakwisha kabisa.

Nafasi ya kuaminika kwa mtutu mwembamba ni karibu mm 2 kila upande. Kuipata: zungushia msasa namba 80 kwenye kipande cha mbao cha duara chenye kipenyo kidogo kuliko mfereji (mfuo wa kitako unaopokea mtutu), sugua kwa urefu, malizia na namba 180, kisha ziba mbao iliyofunuliwa kwa mafuta au vanishi. Mbao isiyozibwa ndani ya mfereji inanyonya unyevu upande mmoja tu na kupinda.

Jaribu hivi: weka bunduki kwenye mifuko kama unavyolenga, mwingine apitishe karatasi huku wewe umeegemea.

#6 MtutuMrefu
Naona wote mnakimbilia mtutu unaoelea kana kwamba ni sheria. Mtutu mwembamba wa 700 ulitoka kiwandani na kifundo cha kuuinua kwenye ncha ya kitako, kinausukuma juu kwa kilo mbili hadi nne hivi. Mtutu umezoea msukumo huo. Kitako kipya kimeuondoa, mtutu sasa unatikisika unavyotaka na ukipata moto unahama. Risasi mbili sawa, ya tatu inapanda: hiyo ni tabia ya mtutu mwembamba ulioachwa hewani.

Jaribio lisiloharibu kitu: kata vipande vya kadi ngumu, viweke kwenye mfereji sentimita 2 nyuma ya ncha ya kitako, ongeza kimoja kimoja mpaka uhisi mtutu unainuliwa kidogo unapokaza. Piga kundi. Kundi likikaza, umejua.

#7 ngao_ya_mti
Toki ya Nm 7.3 ni ndogo. Mwongozo mmoja wa chasi (kitako cha chuma) niliousoma unasema 65, tena za futi. Isitoshe lagi ya 700 imechongwa pamoja na risiva, haina pa kusogea, kwa hiyo kaza tu.

#8 fundi_chuma
#7, tafadhali usiache hili hapa bila kusahihishwa, mtu ataharibu bunduki. Ni 65 za pauni-INCHI, ambazo ni Nm 7.3, sawa na alichoweka mleta uzi. 65 za pauni-futi ni Nm 88. Skrubu ya robo inchi itakatika au itang'oa uzi wa risiva muda mrefu kabla ya kufika huko.

Lagi nayo si hivyo. Kwa wasomaji wengine: lagi ni lile bamba linaloshuka chini ya risiva na kusukuma kitako nyuma bunduki inapopiga teke. Kwenye Remington 700 ni bamba la peke yake, limebanwa kati ya mtutu na risiva kama washa. Waliochonga lagi pamoja na risiva ni Mauser 98, Winchester 70 na Howa 1500. Savage 110 imebana bamba kama Remington, ila kwa nati ya mtutu. Tikka T3 ni kinyume: kipande cha lagi kinakaa kwenye kitako na risiva ina mfuo wa kukipokea. T3 za mwanzo kipande hicho kilikuwa alumini, T3x ikaja na cha chuma.

Hili lina maana kwa anayebadili kitako, kwa sababu kitu pekee kinachotakiwa kugusa kitako kwa nguvu ni USO WA NYUMA wa lagi. Mbele, pembeni na chini yake pawe na nafasi. Lagi ikigonga chini ya shimo lake kabla risiva haijakaa, risiva inakuwa kama meza yenye mguu mmoja mrefu kuliko mingine.

#9 ngao_ya_mti
Nimekuelewa kuhusu vipimo, ahsante. Bado nasema kwa mbao za tabaka zenye nguzo za alumini, 7.3 ni sawa na si ya kuogopa.

#10 Bi_Patasi
Ni sawa IKIWA nguzo zinagusa chuma juu na chini. Vitako vingi vilivyochongwa tayari vina nguzo zilizoingizwa kiwandani na kuachwa fupi kuliko mbao kwa robo milimita au zaidi. Hapo unachokaza ni mbao. Mbao bila nguzo, au nguzo isiyofika, ishia Nm 4.5 hadi 5. Ukivuka hapo nyuzi za mbao zinabonyea na kesho toki imepungua yenyewe.

Kupima: ondoa risiva, weka rula ya chuma juu ya nguzo na mbao. Kisha sehemu ya juu ya nguzo iwe na mbonyeo wa duara unaolingana na risiva ya 700, ambayo kipenyo chake ni karibu mm 34.5. Nguzo bapa chini ya risiva ya duara inagusa mistari miwili tu.

#11 mpingo_77
Majibu ya maswali. Uzito mkubwa uko wakati wa kugeuza mkono. Kuna mkwaruzo mdogo pia wakati wa kusukuma, lakini ule ni hafifu. Sanduku la magazini halichezi kabisa. Karatasi, mtu akiwa ameegemea, inakwama upande wa kulia karibu na ncha. Nguzo ya nyuma iko chini ya mbao kidogo, ya mbele iko sawa.

#12 Kimya_Kimya
Basi kila mtu humu amepata haki yake kidogo.

#13 fundi_chuma
Wino kwanza. Usibadilishe vitu vinne kwa pamoja halafu usijue kipi kimeponya.

#14 Bi_Patasi
Kabla ya msasa na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), pima kama risiva inapinda. Unahitaji geji ya saa, ile yenye mshale inayosoma sehemu za mia za milimita. Simamisha bunduki wima, skrubu zote mbili zimekazwa. Funga msingi wa geji kwenye mtutu, ncha yake iguse mbao karibu na ncha ya kitako. Legeza skrubu ya mbele polepole ukitazama mshale. Kaza tena, kisha rudia kwa ya nyuma.

Mshale ukisogea chini ya mm 0.05, risiva imelala vizuri, acha. Ukivuka mm 0.1, risiva inapindishwa kila unapokaza, na hakuna toki itakayoponya hilo. Hapo ni kuilaza kwenye epoksi.

Kwa kuwa swali litafuata, naandika sasa jinsi ya kulaza.

Vua triga (kifyatulio), darubini na chuma cha chini. Chonga mbao mm 2 hadi 3 nyuma ya lagi na chini ya kichwa cha risiva, vivyo hivyo kwenye mkia (ncha ya nyuma ya risiva). Usiguse nguzo zilizo sawa, ndizo zinazoshika kimo. Nguzo iliyo fupi ongezea urefu kwanza au ibadilishe. Kwaruza mbao kwa msasa namba 80 na toboa vitundu vichache vya mm 3 kwa mshazari ili epoksi ishike meno. Ukiwa na kitako cha plastiki laini, vitundu hivi ni lazima, maana epoksi haishikani na plastiki nyingi. Inasimama kwa kujifungia tu.

Lagi: bandika tepu ya plastiki tabaka moja mbele, pembeni zote mbili na chini. Uso wa nyuma uache mtupu. Mtutu: zungushia tepu karibu na ncha ya kitako mpaka ukae katikati ya mfereji na kwa kimo sahihi. Matundu yote, shimo la triga, tundu la kibonyezo cha kuachilia bolti, nafasi ya magazini: jaza plastisini na usawazishe kwa kisu. Hapa ndipo watu wanapopoteza bunduki. Epoksi ikiingia kwenye tundu na kukauka, risiva imefungwa kwa ufunguo usio na mwenyewe, na hutaitoa bila kuvunja kitako.

Chuma chote kitakachokaribia epoksi kipakwe kiachanishi: nta ya kung'arishia sakafu au polishi ya viatu isiyo na rangi, mara mbili tatu, kila safari ikauke na kusuguliwa. Skrubu pia.

Kwa risiva fupi gramu 60 hadi 80 za epoksi yenye unga wa chuma zinatosha. Anza kuisukuma kwenye kona ya nyuma ya shimo la lagi ili hewa itoke, kisha sambaza. Shusha risiva ikiongozwa na skrubu mbili zisizo na vichwa. Usikaze kwa toki! Ukikaza, unaigandisha risiva ikiwa imepinda na umefanya kazi bure. Zungushia mpira laini uibane tu. Kilichofurika futa kwa pamba yenye siki. Acha saa 24.

Kuitoa: inua wima, usiiyumbishe. Ikigoma, weka bunduki kwenye friza saa chache. Chuma kinasinyaa na kuachia. Mwisho pitisha keekee ya mm 7 kwenye matundu ya skrubu, kwani skrubu haitakiwi kugusa ukuta wa tundu. Ikigusa, skrubu ndiyo inayopokea teke badala ya lagi.

#15 ngao_ya_mti
Epoksi unachanganya nusu kwa nusu, si ndiyo?

#16 Tupa_na_Msasa
Inategemea. Acraglas Gel ni moja kwa moja kwa ujazo. Devcon 10110 ni 2.5 kwa 1 kwa ujazo, au 9 kwa 1 kwa uzito, na mzani mdogo wa jikoni unafanya kazi hiyo vizuri kuliko macho. Ukiichanganya Devcon nusu kwa nusu itabaki laini kama jibini na itabonyea kwa teke la kwanza. Soma kopo.

Naongeza kwa #14: sehemu moja hatukubaliani. Mimi nalaza pia sentimita 3 hadi 4 za mwanzo za mtutu mbele ya lagi, zile nene za chemba. Mtutu mzito unaning'inia kwenye risiva fupi, unahitaji kiegemeo.

#17 Bi_Patasi
Mtutu mzito wa shabaha, sawa. Huu wa mleta uzi ni mwembamba, na ukilaza pale unaweka kiegemeo mahali panapopata moto kuliko kote. Chemba inatanuka, inasukuma epoksi, risasi zinapanda. Ndiyo dalili anayolalamikia.

#18 Tupa_na_Msasa
Chuma cha pale hakitanuki kiasi cha kusukuma chochote kwa risasi tatu. Matundu yatahama kwa sababu ya mtutu wenyewe ulivyonyooshwa kiwandani.

#19 jongoo_barabarani
Samahani kuingilia, kanuni hizi zinafaa kwa bunduki nyingine? Kuna Howa, Ruger M77 na Lee-Enfield ya zamani zinasubiri vitako.

#20 fundi_chuma
Howa 1500: tumbo bapa, lagi ya kuchongwa, skrubu ni M6 yenye uzi wa mm 1. Usithubutu kuingiza skrubu ya Remington ya robo inchi, zinafanana kwa macho na zinaua uzi. Mauser 98 nayo ina robo inchi lakini nyuzi 22 kwa inchi, si 28. Tena Mauser ina kikebe cha chuma kwenye tundu la skrubu ya nyuma, kinachoshika kimo kati ya mkia na kikingio cha triga. Mtu akinunua kitako kipya akasahau kuhamisha kikebe hicho, atakaza mpaka mbao ipasuke.

Ruger M77: skrubu ya mbele ina mshazari, inavuta risiva chini na nyuma kwa pamoja ili lagi ikae. Hiyo ikazwe KWANZA, na toki yake ni kubwa kuliko hizi tulizotaja. Ukianza na ya nyuma, risiva haifiki mahali pake. Winchester 70 ina skrubu tatu; ya katikati ni ya kushikiza tu, ukiikaza kama wenzake unaipinda risiva katikati.

#21 Kimya_Kimya
Lee-Enfield ni jambo jingine kabisa, kitako chake ni vipande viwili. Kwenye No. 1 Mk III boliti ndefu (skrubu kubwa, si bolti ya kufungia chemba) inayoshika kipande cha nyuma ina ncha ya mraba iliyoingia kwenye bati ndani ya mbao ya mbele. Mtu akiizungusha boliti hiyo kabla ya kuvua mbao ya mbele, ncha ya mraba inapasua mbao. Mbele kwanza, nyuma baadaye. Wakati wa kurudisha, nyuma kwanza.

#22 MtutuMrefu
Na ile mbao ya mbele ya No. 1 imeundwa kubeba mtutu kwa msukumo, kama nilivyosema #6. Anayeielea kwa pupa anaharibu hesabu ya waliobuni.

#23 jongoo_barabarani
Ahsanteni. Mbao mpya naipaka mafuta gani?

#24 Bi_Patasi
Mafuta ya kitani yaliyochemshwa au ya tung, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke kabisa, na usisahau ndani: mfereji, shimo la triga, chini ya pedi ya bega. Mbao hunywa maji kupitia ncha za nyuzi kuliko ubavuni. Ila ulaze epoksi kabla ya mafuta, au ukwangue mafuta pale epoksi itakaposhika.

Vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kapuni. Vinapokauka vinatoa joto, na vikiwa vimekunjwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja au viloweke majini.

#25 Kimya_Kimya
Jambo dogo: chasi zenye kitako cha kukunja au mshiko wa bastola zinaweza kubadilisha daraja la silaha kisheria mahali pengine. Uliza kabla ya kununua.

#26 mpingo_77
Marejesho. Wino ulifutika kwenye ncha ya skrubu ya mbele. Imefupishwa kama zunguko moja na nusu, na uzito wa kugeuza mkono umekwisha. Sanduku limepigwa tupa, sasa linacheza. Mkwaruzo mdogo wa kusukuma bado upo. Geji inasoma mm 0.14 skrubu ya nyuma ikilegezwa, na mm 0.03 ya mbele. Upande wa kulia wa mfereji umesuguliwa, karatasi inapita hata mtu akiegemea. Kundi ni sentimita 5, bado linapanda.

#27 Bi_Patasi
0.14 nyuma, na nguzo ya nyuma ni fupi. Hiyo ndiyo sababu. Mkia unavutwa chini kufuata mbao, risiva inapinda, bolti inakwaruza njia yake. Laza mkia na lagi, kundi litarudi.

#28 MtutuMrefu
Kupinda kwa mkia kungetawanya matundu tangu risasi ya kwanza. Mbili za kwanza ziko pamoja, za moto ndizo zinapanda. Kadi zangu hazijajaribiwa bado.

#29 fundi_chuma
Wote mnasahau juu. Darubini ilivuliwa wakati wa kubadilisha?

#30 mpingo_77
Ilivuliwa pamoja na msingi wake, ikarudishwa.

#31 fundi_chuma
Basi angalia skrubu za msingi wa darubini. Ya mbele kabisa inaingia juu ya kichwa cha risiva. Ikiwa ndefu, au ikibadilishana nafasi na nyingine, inaweza kufika kwenye uzi wa mtutu au kukwaruza njia ya bolti, na msingi unabaki haujabana hata kama skrubu imekaza. Msingi unaocheza unahamisha matundu pole pole, hivyo hivyo unavyoeleza. Mkwaruzo wa kusukuma nao unaweza kutoka huko. Wino tena, skrubu moja moja.

#32 Kimya_Kimya
Na kabla ya kwenda kupiga tena, vipimo vya usalama kwa kitako kipya, chemba tupu: funga bolti kwa nguvu mara nyingi, kipini (pini inayogonga risasi) kisifyatuke. Weka sefti (kifungio cha usalama), vuta triga, achia, toa sefti: kipini kisifyatuke. Gonga kitako kwa nyundo ya mpira, kipini kisifyatuke. Hakikisha triga, sefti na kibonyezo cha kuachilia bolti havigusi mbao popote, na mkono wa bolti ukiwa chini kabisa haukalii mbao. Mkono ukikalia mbao, bolti inaonekana imefunga kumbe haijafika.

#33 mpingo_77
Sefti na triga viko huru. Mkono wa bolti una nafasi ya mm 1.5 hivi. Nianze na lipi: skrubu za darubini, kadi, au epoksi?

#34 Tupa_na_Msasa
Darubini, kwa sababu ni dakika kumi. Kadi, kwa sababu zinatoka. Epoksi mwisho.

#35 Bi_Patasi
Darubini sawa. Kadi hapana: ukiuinua mtutu mbele wakati mkia umepinda nyuma, unaweka msukumo juu ya msukumo, na kundi likikaza hutajua limekaza kwa sababu gani. Angalau weka bati jembamba la mm 0.2 juu ya nguzo ya nyuma, usome geji tena, ndipo upige.

#36 MtutuMrefu
Bati la nguzo ni wazo zuri. Weka bati, piga risasi tano, uuache mtutu upoe kabisa baada ya kila moja. Kisha tano mfululizo. Za mwisho zikipanda na geji iko chini ya 0.05, tutaongea habari za kadi.